Gari hilo litalala wapi? Jibu kwa dada anayefikiria gari la umeme

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nina gari la petroli lenye miaka kumi sasa, bado zima, linakunywa lita 7 kwa kilomita 100. Siku za kazi natembea kama kilomita 40, kwenda na kurudi. Mara moja kwa mwezi nasafiri kilomita 350 kwenda kumwona mama, kisha narudi. Kijana wangu ananihimiza ninunue gari la umeme, anasema nitaokoa mazingira na mfuko. Shemeji yangu, dereva wa siku nyingi, anasema tunadanganywa: umeme wenyewe unatoka kwenye makaa ya mawe, betri inakufa ndani ya miaka mitano, na madini yake yanachimbwa na watoto. Nimechoka kukaa katikati yao. Nani anasema kweli?

JIBU: Salama dada yangu, na pole kwa kuwekwa kati ya watu wawili wanaokutakia mema. Kila mmoja wao ameshika kipande cha kweli. Ubishi wao hauishi kwa sababu kijana analitazama gari likiwa barabarani, shemeji anatazama lilikotoka. Mimi nimefungua injini za petroli na dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye betri, na hadi leo naipenda injini iliyotengenezwa vizuri. Kwa hiyo sina ugomvi na upande wowote. Nitaanza na swali ninalomuuliza kila anayeniletea jambo hili: gari hilo litalala wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu mwenye gari la petroli hulipeleka gari kwenye mafuta, ila mwenye gari la umeme huliacha limesimama, likajaa yeye akiwa usingizini. Hapo ndipo raha yote ya gari hili ilipo. Kama una mahali pako pa kuegesha na soketi iko karibu, umeshavuka mlima mkubwa. Kama unaishi ghorofa ya nne na gari linalala barabarani, utategemea chaja za umma: utapanga foleni, utalipa zaidi kwa kila uniti, na jioni nyingine utarudi nyumbani umechoka kumbe kazi ya kuchaji bado inakungoja. Mtu wa hali hiyo huwa namshauri asubiri, au achukue haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja.

Tuseme soketi unayo. Kilomita 40 zako zitakula kama uniti 7 za umeme. Uniti ninayosema ni ileile unayoisoma kwenye mita, yaani kilowati-saa moja, na gari la ukubwa wa kati hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Soketi ya kawaida ya volti 230, ukiivuta ampia 10, inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo uniti zako 7 zinaingia kwa saa tatu na kidogo. Watu wengi huambiwa lazima wafunge chaja ya ukutani ya kilowati 7 kabla hata ya kununua gari. Kwa mwendo wako, si lazima. Siku utakayorudi kutoka kwa mama betri ikiwa karibu tupu, itachukua usiku miwili hadi mitatu kujaa, na kwa kuwa kesho yake unahitaji kilomita 40 tu, hutaona tofauti.

Lakini soketi yenyewe ichunguze. Soketi inayopigia pasi nguo dakika ishirini haijazoea kuvutwa ampia 10 saa nane mfululizo. Nimewahi kuitwa mahali nikaambiwa gari limekataa kuchaji. Gari lilikuwa zima kabisa. Nilipochomoa plagi, tundu moja la soketi lilikuwa limegeuka kahawia, plastiki imelainika kama nta, na pini ya plagi haikushikika kwa joto. Nilipofungua kifuniko nikakuta skrubu ya waya haikukazwa siku ile fundi alipofunga. Mahali waya umelegea ndipo joto hukaa, na siku moja pangewaka moto. Kwa hiyo mwite fundi umeme akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye kibao kikuu, yenye breka yake, waya mnene, na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Magari mengi hupima waya huo wa ardhini kwanza. Yasipouona hayachaji, na mwenye gari hudhani chaja imeharibika. Kebo ya kuunganishia usiitumie hata kwa dharura.

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe. Jioni ukifika nyumbani na gari lako la sasa, weka kiganja juu ya boneti. Joto lile ni petroli uliyoilipia na haikukusogeza hata hatua moja. Injini ya petroli, katika matumizi ya kila siku, hupeleka kwenye magurudumu kama asilimia 20 hadi 30 ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Zilizobaki zinatokea kwenye rejeta na bomba la moshi. Gari la umeme hufikisha kwenye magurudumu karibu asilimia 80 au zaidi ya umeme uliouchukua ukutani, na ukishuka mteremko au ukikanyaga breki taratibu, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu kwenye betri. Lita moja ya petroli ina nguvu sawa na uniti 9 hivi. Lita zako 7 ni uniti 63. Gari la umeme linakwenda mwendo uleule kwa uniti 18. Hata kama hujali mazingira hata kidogo, tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, na hapo kijana wako yuko sahihi kuhusu mfuko, angalau kwa upande wa mwendo wa kila siku.

Hapo shemeji anauliza: umeme huo umetoka wapi? Swali la haki kabisa. Tuchukue kalamu.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. (Watu hushangaa lita isiyofika hata kilo moja inatoaje kilo mbili na zaidi. Kaboni ya petroli hushikana na oksijeni iliyo hewani, na oksijeni ndiyo yenye sehemu kubwa ya uzito.) Lita zako 7 ni kilo 16. Ongeza kuchimba mafuta ghafi, kuyasafirisha kwa meli na kuyasafisha kiwandani, unafika karibu kilo 20 kwa kila kilomita 100. Upande wa umeme, uniti moja iliyozalishwa kwa makaa ya mawe hubeba kama kilo 1 ya hewa ya ukaa, ya gesi asilia kama nusu kilo, na ya maji, upepo, jua au nyuklia gramu makumi tu, ukihesabu hata ujenzi wa mitambo. Kwa uniti 18, makaa matupu yanakupa kilo 18, gesi kilo 9, na vyanzo safi haifiki kilo 1.

Kwa hiyo kwenye gridi ya makaa matupu shemeji yako yuko karibu sana na kweli: 18 dhidi ya 20, faida ni ndogo mno. Kwenye gridi ya maji kama ya Norway au Ethiopia, au ya nyuklia kama ya Ufaransa, hana hoja. Nchi nyingi ziko katikati, baadhi zikielemea makaa, kama Afrika Kusini na Poland. Wewe unaweza kujua yako kwa kuuliza tu umeme wa nchi yako unazalishwa kwa nini, na ni jambo la kujua kabla ya kununua. Kuna kitu kingine ambacho hesabu ya leo haikionyeshi. Gari la petroli litachoma petroli mpaka siku linapelekwa chuma chakavu, na likizeeka litaichoma vibaya zaidi. Gari la umeme likiwa limeegeshwa palepale huzidi kuwa safi kila kituo cha makaa kinapofungwa na kila mtambo wa jua au upepo unapounganishwa, bila fundi kugusa nati hata moja.

Ila gari hili huzaliwa na deni. Kutengeneza betri kunakula nguvu nyingi, kuanzia kukausha madini hadi kuoka vile vipande vyembamba vya seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa mazingira ya Sweden, IVL, ilikadiria kilo 61 hadi 106 za hewa ya ukaa kwa kila kilowati-saa ya uwezo wa betri. Tuchukue 80. Betri ya kilowati-saa 60 inakuja na deni la tani 4.8 kabla gurudumu halijazunguka. Wewe unatembea karibu kilomita 18,000 kwa mwaka. Kwenye umeme safi unalimaliza deni baada ya kilomita 25,000 hivi, yaani mwaka mmoja na nusu. Kwenye umeme wa gesi ni miaka miwili na nusu. Kwenye makaa matupu ni miaka kumi na tatu, na hapo hakuna la kujivunia.

Hesabu yangu ni ya kalamu na karatasi. Walioifanya kwa undani, shirika la utafiti wa usafiri safi la ICCT mwaka 2021, walipima maisha yote ya gari la wastani, kuanzia kiwandani hadi mwisho. Walikuta gari la umeme linatoa hewa chafu pungufu kwa asilimia 66 hadi 69 Ulaya, 60 hadi 68 Marekani, 37 hadi 45 China, na 19 hadi 34 India. Soma namba hizo kutoka kushoto kwenda kulia uone makaa yanavyoipunguza faida. Hata India, inayotegemea makaa kwa sehemu kubwa, gari la umeme bado lilitangulia.

Lakini dada, hesabu zote hizi zinalinganisha gari jipya na gari jipya. Wewe tayari unalo moja, na ni zima. Ukinunua jipya la umeme, hulipi deni la betri peke yake, unalipa na la bodi: chuma, alumini, vioo, viti, jumla kama tani 6 nyingine. Muda wako wa kulipa unakuwa miaka mitatu hivi kwenye umeme safi, na zaidi ya mitano kwenye gesi. Na gari lako la zamani halitoweki ukiliuza, litaendelea kunywa petroli mikononi mwa mwingine. Ndiyo maana simwambii mtu mwenye gari zima aliharakishe kuliacha kwa ajili ya mazingira. Ukifika wakati wake wa kuondoka, mambo hubadilika. Na ukipata la umeme lililokwisha tembea miaka mitatu au minne, sehemu kubwa ya deni lake huwa imeshalipwa barabarani na mwenye mwanzo.

Hoja ya machimbo ndiyo inayoniuma, na sitaki mtu aipite haraka kwa sababu tu anapenda magari haya. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa eneo la Kolwezi na majirani zake. Sehemu kubwa inatoka kwenye machimbo ya makampuni, lakini sehemu nyingine inatolewa na wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa mkono, bila nguzo wala hewa. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International liliandika mwaka 2016 kuhusu watoto waliokutwa wakiokota, wakiosha na kubeba mawe yale. Shemeji hakosei. Ningependa tu aiweke na simu yake mezani wakati anasema hayo, maana kobalti ileile imo humo, na viwanda vya kusafisha mafuta navyo huitumia, ingawa kwa kiasi kidogo, kuondoa salfa kwenye petroli na dizeli.

Kinachonipa moyo ni kwamba kobalti si ya lazima. Zipo betri za LFP, za lithiamu, chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli hata chembe. Kwa miaka mingi zilidharauliwa kwa kuwa nzito kidogo kwa uwezo uleule. Kufika mwaka 2024 zilikuwa zimechukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani. Unaponunua, una haki ya kuuliza: betri ni ya aina gani? Jibu hilo lina maana kuliko rangi ya gari. Na kwa kuikwepa nikeli unaepuka pia sehemu ya misitu inayokatwa Indonesia na viwanda vya kuyeyushia vinavyoendeshwa kwa makaa. Lithiamu huwezi kuiepuka. Australia huichimba kwenye mwamba, Chile huivuta kama maji ya chumvi chini ya jangwa la Atacama na kuyaanika juani zaidi ya mwaka, na wenyeji wa pale wana wasiwasi wa kweli juu ya maji yao.

Hata hivyo pima na upande wa pili. Gari lako la petroli likitembea kilomita 200,000 litakuwa limechoma lita 14,000, zaidi ya tani 10 za petroli, na haitarudi hata tone. Betri ya kilowati-saa 60 ina lithiamu isiyofika kilo 10, na siku gari linapokufa lithiamu bado imo. Viwanda vya kurejesha madini vinaweza kuitoa. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inadai kufikia mwaka 2031 virejeshwe asilimia 95 ya kobalti, nikeli na shaba, na asilimia 80 ya lithiamu. Na kabla ya hapo betri iliyochoka barabarani bado ina kazi nyingine: uwanja wa mpira wa Johan Cruijff mjini Amsterdam huhifadhi umeme kwenye betri za magari tangu mwaka 2018, baadhi yake zikiwa zimeshatumika barabarani.

Betri inakufa ndani ya miaka mitano? Hapana. Hofu hii ilitoka kwenye baadhi ya magari ya mwanzo, ambayo betri zake zilipozwa kwa upepo tu. Kwenye nchi za joto zilichoka haraka, na waliozinunua waliumia kweli. Magari ya sasa mengi hupoza betri kwa maji, kama rejeta inavyopoza injini. Kampuni ya Geotab ilichambua maelfu ya magari mwaka 2024 na kukuta wastani wa upungufu ni asilimia 1.8 kwa mwaka. Baada ya miaka kumi unabaki na zaidi ya asilimia 80. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka minane au kilomita 160,000, kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70.

Nikueleze kisa kimoja. Mteja mmoja alileta gari lake kwa kreni, uso umemwiva kwa mawazo. Limekufa kabisa, halifungui hata mlango, na mtu alikuwa ameshamtajia bei ya betri mpya nzima. Nilifungua boneti, nikaweka mita kwenye ile betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kama ya gari lako: volti 8 na kidogo. Betri kubwa huamshwa na ile ndogo. Ndogo ikifa, gari zima linalala. Tukaibadilisha, dashibodi ikawaka palepale. Nikachomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari: afya ya betri kubwa asilimia 91, na tofauti kati ya seli ya juu na ya chini milivolti 12 tu, yaani zote zinatembea pamoja. Yule bwana alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa ameanza kutafuta mtu wa kumuuzia gari kwa hasara. Tatizo la magari haya mara nyingi si kuharibika, ni uchache wa mafundi wanaojua wanachokitazama. Ulizia fundi wako kabla ya kununua gari.

Betri hukerwa na joto, na kukaa ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa. Zile zenye nikeli, siku za kawaida zijaze hadi asilimia 80, mia uiache kwa safari. Za LFP watengenezaji wengi hushauri uzijaze mia angalau mara moja kwa wiki ili kompyuta isipotee hesabu. Gari likikaa juani mchana kutwa, tafuta kivuli. Chaja za kasi zitumie safarini, usizifanye chakula cha kila siku.

Kuhusu matunzo nitakuwa mfupi: hakuna oili ya injini, plagi za kuwashia mafuta, klachi, mkanda wa taimingi wala bomba la moshi. Yanabaki matairi, maji ya kupoza, oili ya breki, filta ya kiyoyozi na ile betri ndogo. Pedi za breki hudumu sana kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, kiasi kwamba diski huanza kushika kutu kwa kukosa kazi. Kanyaga breki kwa nguvu mara mojamoja mahali salama. Nyaya za rangi ya machungwa zina volti 400, na kwa baadhi ya magari 800. Mtu asiyefunzwa asiziguse.

Sasa safari ya kwa mama, ambayo ndiyo itakayoamua. Mwendo wa barabara kuu hula umeme kuliko wa mjini, kinyume kabisa na ulivyozoea, kwa sababu upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa kasi na huko hakuna breki za kurudisha chochote. Kwa kilomita 110 kwa saa tegemea uniti 20 kwa kilomita 100, na baridi kali ya chini ya sifuri inaweza kukukata robo ya mwendo au zaidi. Ukiwa na betri ya 60, ukitoka na asilimia mia na usishuke chini ya asilimia 15, unafika karibu kilomita 255. Unasimama mara moja kwenye chaja ya kasi, nusu saa, unamaliza safari. Ukiwa na betri ya 40 utasimama mara mbili. Tena kuchaji hupungua kasi sana ukipita asilimia 80, kwa hiyo usikae kungoja ijae. Lakini chaja iwepo! Hesabu zilizopo kwenye barabara hiyo. Moja haitoshi, kwani siku utakayoifikia ikiwa imeharibika utalala njiani. Ukikuta mbili au zaidi, mbali na mbali, zinazofanya kazi, safari inawezekana. Na ulizia kama pale mwisho kwa mama kuna soketi nzuri; ukilala usiku mmoja tu, saa 12 za soketi ya kawaida zinakupa uniti 27, na hilo linabadilisha safari ya kurudi.

Utashawishiwa ununue betri ya 100 ili usisimame kabisa. Hapa naomba unisikilize. Betri hiyo ina deni la tani 8, ina uzito wa zaidi ya kilo 600, na siku 250 kwa mwaka itakuwa inambeba mtu mmoja na pochi yake kilomita 40. Uzito unasaga matairi, na vumbi la matairi linaingia mapafuni kama moshi. Ni moja ya mambo ambayo gari la umeme haliponyi, na likiwa kubwa linaweza kuyazidisha. Madini ya betri moja kubwa hivyo yangetosha magari mawili na nusu ya betri ya 40. Inanihuzunisha kuona mashine yenye nia njema inafanywa jitu. Afadhali nusu saa ya kupumzika njiani mara moja kwa mwezi.

Mengine kwa haraka. Moto: takwimu za nchi zinazohesabu huonyesha magari ya umeme huungua mara chache kuliko ya petroli, ila yakishika ni vigumu kuzima na yanaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, hasa yaliyozama maji ya chumvi. Kelele: mjini utafurahia ukimya, na watembea kwa miguu wasikusahau, Ulaya imelazimisha magari mapya yote ya umeme na haibridi yatoe sauti kwenye mwendo mdogo tangu mwaka 2021. Bei ya kununua bado ni ya juu sehemu nyingi, na thamani hushuka haraka. Kwa muuzaji hilo ni jeraha. Kwa wewe mnunuzi wa lililotumika, ni nafasi.

Kwa hiyo ushauri wangu: gari lako liendeshe hadi lianze kudai matengenezo makubwa. Ukifika hapo, na kama umeme wa kwenu hautegemei makaa matupu, tafuta la umeme lililotumika miaka mitatu hivi, la LFP, betri ya 50 hadi 60. Usinunue kwa kutazama dashibodi. Mwambie fundi asome afya ya betri na tofauti ya seli, betri ikiwa nusu; tofauti ikipita milivolti 100, liache. Angalia na tundu la kuchajia. Magari ya soko la China huja na tundu la GB/T, mengi ya Japani huja na CHAdeMO, na kama chaja za barabara yako ni za CCS, utapita mbele yake ukizitazama tu. Nimeona watu wakigundua hilo gari likiwa limeshafika nyumbani.

Wiki hii fanya mambo mawili, kisha uniandikie. Mwite fundi afungue ile soketi ya mahali unapoegesha, unitumie picha ya waya ulivyo ndani. Na safari ijayo ya kwa mama, mchukue shemeji mwende pamoja, yeye aendeshe, wewe uhesabu chaja: ziko ngapi, kilomita ngapi kutoka nyumbani, tundu la aina gani, na ngapi zilikuwa zinawaka.